Furaha Inayobaki: Maisha ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola



Nikikaa na vijana baada ya Misa, kuna swali linarudi kila mara: mbona nasali na bado ndani ni patupu? Wengine wamezunguka sana. Walitafuta kwenye starehe na mapenzi, wakachoka, wakahamia kwenye mikesha, mifungo ya siku nyingi na novena juu ya novena. Bado. Leo nawasimulia maisha ya mtu aliyepita njia hiyo yote. Mimi nampenda Mtakatifu Inyasi kwa sababu alitafuta mahali pasipofaa mara mbili: kwanza duniani, halafu ndani ya dini yenyewe. Hiyo ya pili huwa hatuizungumzii.

Alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Jina lake la ubatizo ni Iñigo, na alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Akiwa kijana alipelekwa kulelewa nyumbani kwa mweka hazina wa mfalme, huko Arévalo. Huko akajifunza upanga, mavazi ya kifahari na namna ya kuwapendeza wanawake wa ukoo bora. Alichotaka ni kimoja tu: jina kubwa.

Tarehe 20 Mei 1521 Wafaransa waliishambulia ngome ya Pamplona. Wenzake walitaka kusalimu amri. Yeye akawashawishi wapigane. Tufe la mzinga likamvunja mguu wa kulia na kumjeruhi ule mwingine. Wafaransa wenyewe wakamhudumia vizuri, kisha akabebwa kwa machela hadi kwao. Mfupa ukaunga vibaya, ukatokeza kama nundu chini ya goti. Sasa sikia hii: akaagiza nundu hiyo ikatwe kwa msumeno, na enzi hizo hakuna ganzi, ili aweze kuvaa buti za kubana zilizokuwa mtindo wa wakati huo. Yaani jamaa alivumilia msumeno kwa ajili ya buti!

Kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita. Nyumba nzima havikupatikana vitabu hivyo. Akaletewa Maisha ya Kristo, kilichoandikwa na Ludolph wa Saxony, na kitabu cha maisha ya watakatifu. Siku zikapita hivyo. Mara alikaa saa nyingi akiwaza mambo makubwa atakayomfanyia mwanamke mmoja wa ukoo wa juu. Mara akawaza kufanya kama Fransisko na Dominiko. Mawazo yote mawili yalikuwa matamu. Lakini akagundua kitu: yale ya kwanza yakiisha, alibaki mkavu na hana raha, yale ya pili yakiisha, furaha ilibaki. Hapo ndipo uongofu wake ulipoanzia. Hakupima utamu wa wakati ule, alipima kinachobaki baadaye.

Mwezi Machi 1522 alikwenda Montserrat, akaungama dhambi za maisha yake yote, kazi iliyochukua siku 3. Nguo zake nzuri akampa maskini. Upanga wake akauacha kwa Mama Bikira Maria, akakesha mbele ya altare usiku kucha.

Sisi tungemalizia hadithi hapo. Kumbe shida nyingine ndiyo inaanza.

Akashuka hadi mji wa Manresa, akakaa karibu miezi 11. Alisali saa 7 kila siku. Aliomba chakula barabarani. Aliacha nywele na kucha ziote ovyo, kwa kuwa zamani alizijali mno. Mwanzoni alikuwa na amani. Baadaye dhambi alizokwisha kuungama zikaanza kumrudia akilini. Akaziungama tena, na tena, hakupata utulivu. Ikafika hatua akajaribiwa kuyakatisha maisha yake. Akaamua kutokula kitu mpaka Mungu ampe amani, akamaliza wiki nzima, hadi padre muungamishi wake akamwamuru ale.

Mimi naona upanga ulibaki Montserrat, lakini askari alikwenda naye Manresa. Zamani alipigania sifa. Sasa anapigania msamaha, kana kwamba huruma ya Mungu ni ngome ya kutekwa. Mfungo ni mzuri, sala ni nzuri, kitubio ni sakramenti. Lakini hata vitu vitakatifu vinaweza kuwa mahali pa kujitafuta mwenyewe.

Akatii, akala. Halafu akatumia kipimo kile kile cha kitandani: mawazo haya yananiacha wapi? Yalikuwa yanamfanya achukie hata maisha mapya aliyoyaanza. Akajua hayatoki kwa Mungu, akaamua asiziungame tena dhambi zile za zamani. Amani ikarudi. Akakata nywele na kucha. Baadaye, akiwa ameketi kando ya mto Cardoner, Mungu alimwangazia akili kwa namna ambayo hakuisahau hadi uzeeni.

Mwaka 1523 alifika Yerusalemu, akiamini ndipo mahali pake pa kuishi na kufa. Wafransisko waliotunza maeneo matakatifu wakamwamuru aondoke, kwa usalama wake. Akatii tena. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 33, alikuwa Barcelona akijifunza Kilatini pamoja na watoto. Kila alipotaka kukariri, mawazo matamu ya kiroho yalimjaa. Akajiuliza kwa nini hayaji hivyo wakati wa sala au Misa. Akatambua ni kishawishi, akamwahidi mwalimu wake kwamba hatakosa kumsikiliza. Mwanafunzi unayekimbilia mkesha wakati kitabu hujakifungua na mtihani ni kesho, hapo Inyasi anakuhusu.

Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Paris, akaishi chumba kimoja na Petro Favre na Fransisko Ksaveri. Tarehe 15 Agosti 1534 wakawa 7 walioweka nadhiri pamoja huko Montmartre. Mwaka 1540 Papa Paulo III akaidhinisha Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Ksaveri alitumwa India, na njiani mwaka 1542 alipita hapa kwetu, Malindi. Inyasi aliyetamani Yerusalemu alibaki Roma, ofisini, akiandika barua. Zimehifadhiwa karibu 7,000. Alifariki tarehe 31 Julai 1556, siku tunayomkumbuka. Yerusalemu hakurudi, lakini Mungu hakumkosa pale mezani penye karatasi.

Kijana mwenzangu, leo usiku kabla ya kulala, chukua dakika 10. Pitia siku yako pamoja na Yesu. Kipi kilikuwa kitamu halafu kikakuacha mkavu? Kipi kilikuchosha lakini kikakuacha na amani, hata kama ni kuosha vyombo nyumbani au kumsamehe mtu? Fanya hivyo kila siku. Inyasi aliwasisitizia wenzake wasiache kutafiti dhamiri hata wakiwa na kazi nyingi. Na kama unateswa na hatia isiyoisha, au na mawazo ya kujidhuru, usipambane peke yako. Inyasi alimwambia muungamishi wake. Nawe mwambie padre, mzazi au mtu unayemwamini, leo leo.

Tusali: Ee Bwana, utufundishe kutambua furaha inayotoka kwako, na utupe moyo wa kutii inapotupeleka tusikotaka. Amina.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee!