Galileo Galilei na hesabu ya mteremko

Wapakiaji wa mizigo wanajua kwamba pipa zito la mafuta halibebwi moja kwa moja hadi kwenye lori. Huegemezwa mbao, kisha pipa likaviringishwa juu taratibu. Je, mbao hizo hupunguza kazi? Leo tunamwangalia mtu aliyeichunguza miteremko kwa makini, Galileo Galilei wa Italia.

Galileo alizaliwa mjini Pisa mwaka 1564, mtoto wa mwanamuziki. Alianza kusomea udaktari, akaacha bila shahada na kugeukia hesabu. Kuanzia mwaka 1592 alifundisha mjini Padua kwa miaka 18. Huko aliandika kuhusu mitambo ya kunyanyulia mizigo na kueleza kwamba hakuna mtambo unaoyalaghai maumbile. Ukipunguziwa nguvu, utaongezewa mwendo.

Tuchukue pipa la kilo 100 linalopandishwa mita 1. Kwa mbao za urefu wa mita 4, tukiacha msuguano, tunasukuma kwa robo tu ya nguvu, lakini kwa umbali mara 4. Kazi ni ile ile, ila imegawanywa ili mwili uimudu. Msuguano nao huongeza kazi, ndiyo maana ni nafuu kuviringisha pipa kuliko kuliburuta.

Galileo alichunguza pia vitu vinavyoshuka. Kitu kikianguka huenda kasi mno, na wakati huo hapakuwa na saa za kupima muda mfupi namna hiyo. Kwa hiyo akauinamisha ubao wenye mfereji laini, akaviringisha humo mpira wa shaba, na kupima muda kwa uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Akaona kwamba muda ukiwa mara 2, umbali huwa mara 4. Akafikia pia hoja kwamba, pasipo msuguano, kasi ya mwisho hutegemea kimo ambacho mpira umeshuka, si ukali wa mteremko.

Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa Katoliki mjini Roma ilimhukumu kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua. Akazuiliwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, na huko akapofuka. Hata hivyo, kitabu chake chenye majaribio ya mteremko kilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Alifariki mwaka 1642, akiwa bado kifungoni nyumbani.

Hesabu hiyo bado inatuhusu. Lori likishuka mlima mrefu, uzito wake hufanya kazi kwa kadiri ya kimo chote, hata kama barabara imepindapinda. Kazi hiyo lazima izuiwe na kitu. Breki zikiachiwa peke yake hupata moto na kushindwa, ndiyo maana dereva makini hupunguza gia kabla hajaanza kushuka.