Maisha ya Shaaban Robert kwa Mtoto Aliyeitwa "Manamba"

Swali limetufikia kutoka Muheza. Binti wa miaka sita amerudi chuoni akamuuliza mamake manamba ni nani, kwani mwenzake amemwambia yeye ni mtoto wa manamba na ndiyo maana ni mweusi sana. Mama hajui aanzie wapi. (Sisi wa visiwani tusijitoe, kwetu neno ni jengine, tusi ni lile lile.)

Hukumu yake iko wazi. Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza kudharauliana na kubandikana majina mabaya. Kazi ni kumfahamisha mtoto, na tunamshauri mama amhadithie maisha ya mtu wa pwani yake mwenyewe, Marehemu Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Jina la Robert lisimtatize mtoto. Shaaban alikuwa Muislamu. Wazee wake asili yao ni Wayao, watu wa kusini, naye mwenyewe akajihesabu Mswahili. Hapa mama atue kidogo. Manamba nao walitoka mbali, wakaja kukata mkonge katika mashamba ya Muheza na Tanga nzima, na waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizoandikishiwa kazi. Si kabila wala si rangi. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa ubaya wa kumwita mtu kwa namba ilhali ana jina alilopewa na wazazi wake.

Shaaban alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha, Pangani na kwengineko. Baadaye alihamia idara ya wanyama huko Mpwapwa, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya na mwisho upimaji wa ardhi. Zaidi ya miaka 30 alifanya kazi chini ya serikali iliyopanga mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Muhindi kati, Mwafrika chini. Shule na hospitali zilikwenda hivyo hivyo. Mtoto asifichwe haya, maana akifichwa atayasikia njiani kwa watu wasiojua kuyaeleza.

Aliyajibu kwa kalamu. Katika Kusadikika, kilichotoka 1951, alibuni nchi iliyo angani ambako wajumbe wanaoleta habari za mema ya nchi nyengine hutiwa gerezani. Analo pia shairi liitwalo Rangi Zetu, na fikra yake iko karibu sana na aya ya 22 ya Suratu Rum, inayohesabu tofauti za lugha na rangi zetu kuwa ni ishara za Mwenyezi Mungu. Kwa hivyo mama asimwambie binti kuwa rangi haionekani. Mtoto ana macho. Amwambie ni mweusi, na aliyemuumba mweusi hakukosea.

Mkewe, Amina, alifariki na kumwachia watoto wadogo. Aliwatungia tendi mbili: Hati kwa binti, Adili kwa mwana wa kiume. Binti hakupewa mabaki ya kaka yake; kila mmoja alipata utenzi wake mzima, na zote mbili zinahusu mwenendo.

Mwaka 1958 kikatoka Wasifu wa Siti binti Saad. Juu ya muziki wanavyuoni wana maneno yao, na si mahala pake hapa. Ninalotaka ni jina. Mwanamke huyu wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, aliitwa na wazazi wake Mtumwa, na Siti ni jina alilopewa ukubwani. Shaaban, aliyekuwa mwandishi mashuhuri, aliona maisha ya aliyezaliwa akiitwa Mtumwa yanastahiki kitabu kizima.

Ama yule mtoto aliyetukana, naye ni mdogo. Hakulitunga neno lile, amelisikia nyumbani. Maalim wa chuo amwite mzazi wake, wazungumze kwa siri na kwa upole, na watoto wale wawili waendelee kukaa jamvi moja.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa Vibambani. Kutoka Muheza mtu huenda akazuru na kurudi siku ile ile. Mama amchukue binti, wamuombee dua.