Baba Alipiga Kelele, Mwana Akaizima

Wahenga walinena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye kwake methali hiyo ilikuwa kweli nusu tu. Huyu ni Hiram Percy Maxim, mvumbuzi wa sailensa ya bunduki.

Percy alizaliwa tarehe 2 Septemba 1869 huko Brooklyn, New York, nchini Marekani. Jina Maxim si geni katika historia yetu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni mwaka wa 1884 bunduki ya rashasha iitwayo Maxim, iliyotema risasi zipatazo 600 kwa dakika moja. Bunduki hiyo ndiyo Waingereza waliyoitumia dhidi ya Wanandi katika vita vya 1905 na 1906, wakati shujaa Koitalel arap Samoei alipouawa. Mkuki na ngao vingefanya nini mbele ya mtambo kama huo?

Baba huyo alihamia Uingereza akaiacha jamaa yake Marekani, hata Percy akakua mikononi mwa mama. Huko Uingereza mzee alipata mali na mwaka wa 1901 akapewa cheo cha Sir. Lakini alilipa kwa masikio yake. Ule mshindo wa bunduki alizokuwa akizijaribu ulimharibu, akafikia uzee akiwa kiziwi. Mchimba kisima aliingia mwenyewe!

Percy naye alikuwa na kichwa chepesi. Mwaka wa 1886 alihitimu katika chuo cha ufundi cha MIT akiwa na miaka 16 tu, yaani umri wangu mimi ninayeandika haya nikiwa kidato cha tatu. Kisha akaingia katika motokaa zilipokuwa bado kitu cha kushangaza. Alijitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu yenye injini ya petroli, akaajiriwa katika kampuni ya Pope mjini Hartford, na mwaka wa 1899 akashinda mashindano ya magari huko Branford, Connecticut.

Sasa tuje kwenye sailensa. Percy alipenda kulenga shabaha, lakini hakupenda kuwasumbua majirani. Husimuliwa kuwa siku moja aliyatazama maji ya kuogea yakizunguka na kuteremka polepole kwenye tundu la beseni, akajiuliza kwa nini gesi ya baruti isizungushwe vivyo hivyo. Akatengeneza kopo refu la chuma lenye vyumba ndani yake, likafungwa mdomoni mwa mtutu. Risasi hupita katikati moja kwa moja, lakini gesi hunaswa vyumbani, ikazunguka, ikapoa, ikatoka bila haraka. Serikali ya Marekani ilimpa hataza tarehe 30 Machi 1909.

Wenzangu, hapa tuachane na sinema. Katika sinema jambazi hufyatua bunduki yenye sailensa nayo ikatoa sauti kama mtu aliyepiga chafya chini ya blanketi. Si kweli! Mshindo wa bunduki ya rifle hufika desibeli 160 au zaidi, ilhali mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Sailensa nzuri hupunguza desibeli 20 hadi 35. Ukiondoa 30, nguvu ya sauti imebaki sehemu moja kwa elfu, na bado ni kelele kubwa tu. Tena risasi yenyewe hupiga kelele. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, na risasi nyingi za rifle huenda mbio mara mbili ya hapo. Kitu kinachoipita sauti hupasua hewa kwa mlio mkali kama mjeledi, na mlio huo sailensa haiuwezi, kwani risasi imekwisha toka.

Hata hivyo watu waliogopa kuwa wahalifu wataua kimyakimya. Mwaka wa 1934 sheria ya Marekani iliamuru kila sailensa iandikishwe na kulipiwa kodi ya dola 200, pesa nyingi sana enzi hizo. Mimi naona hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana mtoto wa mtu akipigwa risasi, masikio ya mpigaji hayamsaidii. Lakini yafaa pia tukumbuke kuwa desibeli 140 kwenda juu huweza kuharibu sikio kwa mshindo mmoja, na sikio likifa halifufuki. Mzee Maxim ni shahidi.

Percy mwenyewe hakukwama kwenye bunduki. Kampuni yake ilitengeneza vizuia kelele vya injini, ndugu wa ile sailensa ambayo makanika wetu huifunga chini ya gari. Mwaka wa 1914 alitaka kupeleka ujumbe wa redio kutoka Hartford hadi Springfield, haukufika. Akamwomba mwenye redio aliyekuwa katikati aupokee na kuupitisha. Kumbe hapo ndipo wazo lilipozaliwa! Mwaka huohuo, pamoja na Clarence Tuska, akaanzisha chama cha wapenzi wa redio cha ARRL, na mwaka wa 1925 akawa rais wa kwanza wa umoja wa kimataifa wa wapenzi hao.

Alifariki tarehe 17 Februari 1936 huko La Junta, Colorado, baada ya kuugua koo akiwa safarini.

Basi wasomaji, baba alitupa mshindo, mwana akatumia maisha yake kuupunguza na kuwasaidia watu wasikiane. Nanyi mnaopigania kiti kilicho karibu na spika ya matatu, masikio ni mawili tu, wala hayauzwi dukani. Mwenye masikio na asikie, maadamu bado anasikia.