Vivien Thomas: Seremala aliyewafunza madaktari kupasua moyo

MNAMO Novemba 29, 1944, kundi la madaktari lilikusanyika katika chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Johns Hopkins jijini Baltimore, Marekani. Mbele yao alilazwa mtoto msichana wa umri wa miezi 15, ambaye uzani wake ulikuwa takriban kilo nne tu. Midomo na kucha zake zilikuwa zimegeuka rangi ya samawati kwa sababu damu yake ilipungukiwa na hewa ya oksijeni.

Aliyeshika kisu alikuwa Dkt Alfred Blalock, mkuu wa idara ya upasuaji. Hata hivyo, kabla ya kuanza kazi, daktari huyo aliagiza aitwe mtu mmoja kutoka maabara. Mtu huyo alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega la Blalock, akawa anamwelekeza hatua kwa hatua: mshipa ukatwe wapi, sindano ielekee upande upi, na mishono iachane kwa nafasi gani.

Mwelekezi huyo hakuwa daktari, wala hakuwa na shahada ya udaktari. Alikuwa Mwamerika mweusi aliyerithi useremala kutoka kwa babake, na ambaye chuo cha kwanza kilichomwajiri kilimlipa mshahara wa mfagiaji. Jina lake lilikuwa Vivien Theodore Thomas.

NDOTO ILIYOYEYUKA

Thomas alizaliwa Agosti 29, 1910 katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wametarajia mtoto wa kike na tayari walikuwa wamechagua jina. Alipozaliwa mvulana, hawakulibadilisha.

Angali mdogo, familia yake ilihamia Nashville katika jimbo la Tennessee. Huko babake, aliyekuwa fundi seremala hodari, alimfunza yeye na ndugu zake kupima, kukata na kuunganisha mbao kwa uangalifu mkubwa. Kazi iliyofanywa ovyo haikukubaliwa katika nyumba hiyo. Mazoea hayo ya utotoni ndiyo yaliyokuja kumfaa Thomas ukubwani, ingawa si kwa mbao tena.

Alihitimu masomo ya shule ya upili mwaka wa 1929. Nia yake ilikuwa kujiunga na chuo kikuu na hatimaye asomee udaktari. Kwa hivyo alijibidiisha kufanya kazi za useremala na kuweka akiba ya karo.

Lakini ajali haina kinga. Mnamo Oktoba mwaka huo huo, soko la hisa la Marekani liliporomoka na nchi nzima ikatumbukia katika dhiki ya kiuchumi. Kazi za ujenzi ziliadimika. Baadaye benki aliyoiamini ilifilisika, na akiba yake ya miaka mingi ikatoweka nayo.

Kabla ya benki hiyo kufilisika, Februari 1930, akiwa na umri wa miaka 19, aliajiriwa kumsaidia Blalock katika maabara ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt jijini humo. Aliichukulia kazi hiyo kuwa ya muda tu, hadi mambo yatakapotengemaa. Badala yake, aliishi katika maabara za upasuaji kwa karibu nusu karne.

Mwanzo wao haukuwa laini. Siku moja Blalock alikasirishwa na kosa dogo, akamfokea kijana huyo kwa matusi. Thomas alimweleza waziwazi kwamba hakulelewa kuzungumziwa hivyo, na kwamba yuko tayari kuondoka. Katika Marekani ya Kusini ya wakati huo, ambapo mtu mweusi alihatarisha mengi kwa kumjibu mzungu, hilo lilikuwa jambo zito. Blalock aliomba radhi na kuahidi kutorudia.

Tangu siku hiyo, wawili hao walifanya kazi kama mkono wa kulia na wa kushoto. Katika muda mfupi Thomas alijua kuwapasua wanyama wa majaribio, kupima kemikali za damu na kunakili matokeo bila kusaidiwa na yeyote.

Utafiti wao wa kwanza ulihusu hali ya mshtuko inayowakumba majeruhi. Madaktari wengi wakati huo waliamini kwamba mshtuko huo huletwa na sumu mwilini. Majaribio ya Blalock na Thomas yalionyesha kwamba kiini ni kupotea kwa damu na majimaji yake, na kwamba tiba ni kuyarejesha. Maarifa hayo yaliokoa maisha ya wanajeshi wengi katika Vita vya Pili vya Dunia.

Blalock naye alijua thamani ya mwenzake. Hospitali moja jijini Detroit ilipotaka kumwajiri lakini ikakataa kumpokea msaidizi mweusi, aliikataa kazi hiyo. Alipoteuliwa kuongoza idara ya upasuaji ya Johns Hopkins mwaka wa 1941, alisisitiza kwamba Thomas aandamane naye.

KITENDAWILI CHA WATOTO WA SAMAWATI

Baltimore haikumkaribisha Thomas kwa mikono miwili. Nyumba za kukodi zilizoruhusiwa watu weusi zilikuwa chache na duni. Ndani ya hospitali, watu weusi walitengewa wodi zao na vyoo vyao, na karibu wafanyakazi wote weusi walikuwa wa kazi za usafi na utumishi. Alipopita ukumbini akiwa amevaa koti jeupe la maabara, watu walisimama wakamkodolea macho.

Mwaka wa 1943, Dkt Helen Taussig, mwanamke aliyeongoza kliniki ya moyo ya watoto hospitalini humo, alimletea Blalock tatizo lililomnyima usingizi. Kila mara aliwapokea watoto wenye rangi ya samawati, wasioweza kutembea hatua chache bila kuchutama kutafuta pumzi. Wengi walikufa wakiwa wachanga, naye hakuwa na tiba ya kuwapa.

Ugonjwa wao ulikuwa umeelezwa na daktari Mfaransa Fallot mwaka wa 1888. Mtoto huzaliwa na kasoro nne kwa pamoja. Kuna tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba. Mshipa mkuu wa mwili umekaa juu ya lile tundu, na misuli ya upande wa kulia wa moyo imenenepa. Kwa sababu hiyo, damu nyingi hurejea mwilini bila kupitia mapafuni kuchukua oksijeni.

Taussig alikuwa ametambua jambo moja muhimu. Kila mtoto akiwa tumboni huwa na mshipa mdogo unaounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu, na kwa kawaida mshipa huo hujifunga baada ya kuzaliwa. Watoto wagonjwa ambao mshipa huo ulibaki wazi walikuwa na nafuu. Ulipojifunga, hali yao ilizorota. Basi hoja yake ilikuwa wazi: ikiwa maumbile yangeweza kupeleka damu zaidi mapafuni kwa njia hiyo, huenda daktari wa upasuaji naye angeweza.

Jibu la sehemu lilikuwa tayari ndani ya madaftari ya Thomas. Miaka michache awali, wakiwa Vanderbilt, yeye na Blalock walikuwa wameuunganisha mshipa unaopeleka damu mkononi na ule wa mapafu, wakichunguza jambo tofauti kabisa. Majaribio hayo hayakuleta matokeo waliyoyatazamia, lakini yalionyesha kwamba mishipa hiyo inaweza kuunganishwa na mnyama akaishi.

Kazi ya kuthibitisha kwamba njia hiyo ingewafaa watoto ilimwangukia Thomas. Kwa takriban miaka miwili alifanya majaribio kwa mbwa wapatao 200. Kwanza alilazimika kubuni namna ya kuwafanya wanyama hao wapungukiwe na oksijeni kama watoto wagonjwa. Kisha akatafuta jinsi ya kuwaponya. Mbwa mmoja jike aliyeitwa Anna aliishi muda mrefu baada ya upasuaji, na picha yake baadaye ikatundikwa hospitalini humo.

Isitoshe, hakukuwa na vifaa vya kushonea mishipa ya mtoto mchanga, ambayo ni myembamba mno. Thomas alizifupisha na kuzinoa upya sindano zilizokuwepo, na akachangia kubuni vibanio vya kuuzuia mshipa bila kuujeruhi.

Hii ndiyo sababu Blalock hakuthubutu kuanza bila yeye siku ile ya Novemba. Thomas alikuwa ameufanya upasuaji huo mara nyingi kwa mbwa, ilhali mkuu wake alikuwa mgeni katika kazi hiyo.

Msichana yule aliondoka hospitalini akiwa na nafuu, lakini alifariki miezi kadhaa baadaye hali ilipomrudia. Upasuaji wa pili ulifanywa Februari 1945. Wa tatu, aliofanyiwa mvulana, ulifuata punde. Mara tu vibanio vilipoachiliwa, midomo ya mvulana huyo iligeuka kutoka samawati ikawa ya waridi mbele ya macho ya waliokuwepo.

Habari zilienea ulimwenguni kote. Wazazi waliwabeba watoto wao kutoka pembe zote za Marekani na ng'ambo, na katika muda wa takriban mwaka mmoja zaidi ya watoto 200 walikuwa wamepasuliwa.

JINA LISILOTAJWA

Mnamo Mei 1945, Blalock na Taussig walichapisha ripoti ya wagonjwa hao watatu wa kwanza katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Upasuaji huo ukapewa majina yao wawili. Jina la Thomas halikuonekana popote.

Sifa zilipokuwa zikimiminika, Thomas alirejea maabara kama kawaida. Kipato chake kilikuwa kidogo hivi kwamba nyakati nyingine alihudumu kama mgawaji wa vinywaji katika karamu za Blalock, akiwapa vileo madaktari wale wale aliokuwa amewafunza kushona mishipa mchana.

Alipotishia kurejea kwenye useremala ili aikimu familia yake, mshahara wake uliongezwa kiasi cha kumfanya awe miongoni mwa mafundi wa maabara waliolipwa vyema zaidi hapo.

Ndoto ya udaktari haikuwa imekufa. Mwaka wa 1947 alijaribu kujiunga na chuo cha watu weusi jijini humo. Akaambiwa kwamba ujuzi wake hautahesabiwa, na kwamba sharti aanze mwaka wa kwanza kama kijana aliyetoka shuleni. Alipopiga hesabu aliona kwamba angekamilisha masomo na mafunzo ya hospitalini akiwa na miaka 50. Huku akiwa na mke na mabinti wawili wa kulisha, aliukunja mkeka wa ndoto hiyo.

Hata hivyo, alikuwa mwalimu wa walimu. Vijana waliopita mikononi mwake, akiwemo Denton Cooley, walikuja kuwa mabingwa wa upasuaji wa moyo duniani. Alisaidia pia kuwafungulia vijana weusi milango ya kazi za maabara. Miongoni mwa aliowapa moyo alikuwa Dkt Levi Watkins, mtu mweusi ambaye mwaka wa 1980 alimpachika mgonjwa kifaa cha kwanza kinachorekebisha chenyewe mapigo hatari ya moyo.

Blalock alifariki mwaka wa 1964. Thomas aliendelea kuzisimamia maabara hizo kwa miaka 15 zaidi.

Madaktari aliowafunza walichanga fedha, wakaagiza achorwe picha, na mwaka wa 1971 wakaikabidhi kwa hospitali katika hafla iliyojaa watu. Ilitundikwa karibu na ile ya Blalock. Mnamo 1976, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimtunuku shahada ya heshima. Ilikuwa ya sheria wala si ya tiba, lakini kuanzia hapo aliyeitwa fundi aliitwa daktari. Aliteuliwa pia kuwa mhadhiri wa upasuaji, cheo kilicholingana na kazi aliyokuwa ameifanya kwa zaidi ya miongo mitatu.

Alistaafu mwaka wa 1979, akajifungia kuandika kumbukumbu zake. Alifariki Novemba 26, 1985 kutokana na saratani ya kongosho, siku chache tu kabla ya kitabu chake kuchapishwa.

Tiba ya moyo imepiga hatua kubwa tangu wakati huo. Mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu, iliyotumiwa kwa ufanisi kwa mara ya kwanza mwaka wa 1953, iliwawezesha madaktari kuufungua moyo wenyewe na kuziba matundu. Siku hizi watoto wengi wenye ugonjwa wa Fallot hurekebishwa kasoro zote kwa upasuaji mmoja wakiwa wachanga, na huishi hadi utu uzima.

Hata hivyo, njia ya Thomas haijatupwa. Kwa watoto wadogo mno au wenye kasoro tata, madaktari bado huunganisha mishipa ile ile, sasa wakitumia kipande cha mrija wa kutengenezwa, ili mtoto apate nguvu ya kungoja upasuaji mkubwa.

Jina la upasuaji huo nalo limeanza kubadilika. Katika majarida ya tiba na vitabu vya miaka ya karibuni, wataalamu wengi wameongeza neno moja katikati, na sasa wanauita upasuaji wa Blalock, Thomas na Taussig.

Waswahili husema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Haki ya Vivien Thomas ilichelewa kufika, na sehemu yake kubwa ilimkuta kaburini. Lakini watoto waliotoka samawati wakawa wa waridi hawakungoja jina lake liandikwe ndipo wapumue.