Watu wa Kweli na Watu wa Kitabu: Elspeth Huxley na Wazazi Wake

Leo tunawaletea maisha ya mwanamuke mumoja mwandishi, Elspeth Huxley, pamoja na baba na mama yake. Wengine wamesoma kitabu chake juu ya Thika, wengine waliona filme yake, na wanafikiri mambo yote yalipita kabisa vile. Basi tuangalie vizuri: watu wa kweli walikuwa nani, na watu wa kitabu ni nani?

Elspeth alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907. Baba yake, Josceline Grant, alikuwa ofisa wa jeshi. Rafiki zake walimwita Jos. Mama yake waliyemwita Nellie alitoka mu jamaa ya Grosvenor, moja ya jamaa kubwa za Uingereza. Jina lilikuwa kubwa, lakini feza kidogo. Jos alikuwa mutu wa kuota ndoto. Alitia feza mu biashara hii na ile, na feza ikapotea. Njo mwaka 1912 wakaenda kutafuta bahati mu inchi tunayoita leo Kenya. Walinunua ekari 500, ndiyo kusema hektari 200 hivi, pale Thika, karibu kilometa 40 kutoka Nairobi, wapate kulima kahawa. Lakini kahawa haina haraka. Tangu kupanda mpaka kuvuna mara ya kwanza, inaomba miaka mitatu ao mine. Na wakati ule wote, mutu atakula nini?

Mwaka 1959, Elspeth akiwa amepita miaka 50, alitoa kitabu juu ya ile shamba. Jina lake ni The Flame Trees of Thika. Mule ndani baba anaitwa Robin, na mama anaitwa Tilly. Ni Jos na Nellie, lakini wamevaa majina mengine. Kitabu kilipendwa sana, na mwaka 1981 televisheni ya Uingereza ikakifanya filme ya sehemu saba.

Sasa tulinganishe. Kitabu kinaanza na safari. Mama na mutoto wake wanatoka Nairobi juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe, mu vumbi na jua kali, pamoja na mizigo yao. Mutoto yuko pale tangu siku ya kwanza. Lakini katika maisha ya kweli wazazi walitangulia, na Elspeth akaachwa Uingereza. Alifika Mwezi wa 12 mwaka 1913, akiwa na miaka sita, na hakufika peke yake: alikuja na mwalimu wake wa nyumbani na mutumishi mwanamuke. Ile safari ya kwanza ya kitabu, yeye hakuifanya.

Je, ni uongo? Sisi tunasema hapana. Mwenye kutunga hadithi ana ruhusa ya kupanga mambo upya, na kubadilisha majina ni alama ya kuonya msomaji. Kosa linakuwa letu sisi wasomaji, tukichukua hadithi sawa vile tunachukua kitabu cha historia.

Tuendelee. Vita vya 1914 vilipoanza, Jos alirudia jeshi lake. Mwaka 1915 Nellie na binti yake wakarudi Uingereza. Nyuma ya vita walirudi tena Kenya, lakini kahawa ya Thika haikuwatajirisha. Wakahamia Njoro, wakaanza tena. Elspeth alisoma ulimaji ku univerisiti ya Reading, kisha ku Cornell, Marekani. Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley.

Tilly wa kitabu anabaki kijana siku zote. Nellie wa kweli alizeeka. Bwana yake alikufa mwaka 1947. Yeye alibaki Njoro, akijaribu mimea ya namna mbalimbali, na feza ikimusumbua kila mara. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Mwaka 1965 Nellie akahamia Ureno, na mwaka 1977 akafa. Kisha, mwaka 1980, binti yake akatoa kitabu cha barua za mama yake. Mara hii hakumwita Tilly tena. Alimwita Nellie. Elspeth mwenyewe alikufa Mwezi wa 1 mwaka 1997.

Basi Robin na Tilly tumewajua: wana majina yao ya kweli, tarehe zao na barua zao. Lakini ile shamba ilikuwa na watu wengine tena. Nani walichimba mashimo ya kahawa? Nani walipika, nani walichunga ng'ombe? Ni Wakikuyu, wenyeji wa ile milima. Mu kitabu cha Thika tunawaona tu sawa vile mutoto wa bwana aliwaona.

Elspeth alijaribu kupita upande wao. Mwaka 1939 alitoa Red Strangers, hadithi ya jamaa moja ya Wakikuyu, na mule wageni ni Wazungu. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kutangulia. Miaka ile, Elspeth alikuwa akisikiliza masomo ya profesa Malinowski kule London juu ya desturi za watu. Mu kalasi ile alikuwa pia Jomo Kenyatta, mutu wa Gatundu, si mbali na Thika. Mwaka 1938, mwaka moja mbele ya Elspeth, Kenyatta alitoa Facing Mount Kenya, akaeleza yeye mwenyewe desturi za watu wake na namna wanavyorizi udongo. Watu wawili wa milima moja, kalasi moja, lakini kila mutu na macho yake.

Na hapa kwetu? Muji wetu ulianza mwaka 1910, miaka miwili tu mbele ya jamaa ya Grant kufika Thika. Watu walitoka Kasai, Maniema, Rwanda na Zambia ya leo, wakafanya kazi ya mungodi na kazi ya nyumba za Wazungu. Mwaka 1965, kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa zile nyumba, André Yav aliandika kitabu kidogo kwa Kiswahili chetu: Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Mule, muji unaelezwa na watu wa jikoni. Mwaka 1990 mwalimu Johannes Fabian alikitoa pamoja na tafsiri ya Kingereza, na leo wenye kusoma historia ulimwenguni wanakitumia.

Wandugu, wazee waliofika hapa na miguu ao na treni ya kwanza wamekwisha kulala. Watoto wao ni babu na nyanya zetu, na wengine wangali wazima. Wakati wa likizo, kila mumoja wetu aende na daftari. Aulize nani alifika wa kwanza, alitoka wapi, alifanya kazi gani, na jina lake la kweli lilikuwa nani. Tukingojea, mugeni atakuja kuwapa jina lingine.