Ada Lovelace: Mwanamke aliyeiandikia mashine maagizo kabla haijajengwa

Ada Lovelace alifariki dunia mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 36, bila kuiona mashine aliyoiandikia maagizo. Leo anatajwa miongoni mwa waasisi wa fani ya kompyuta. Maisha yake yanaonyesha jinsi kipaji cha msichana kinavyotegemea mwalimu aliyekubali kumfundisha.

Katika kituo cha mpakani cha Oraba, wilayani Koboko, ndipo inapoishia barabara ya lami inayoanzia Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, na kupitia mjini Arua. Ng'ambo ya pili ni Sudan Kusini. Lori linapofika hapo, taarifa za shehena yake huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa forodha. Kando ya barabara, mawakala wa pesa kwa simu hutuma na kupokea fedha za wafanyabiashara na za familia. Kazi hizo zote zinategemea kitu kimoja: orodha ya maagizo iliyoandikwa mapema na binadamu, ambayo mashine huifuata hatua kwa hatua. Orodha ya namna hiyo, iliyopangwa kwa ukamilifu kwa ajili ya mashine ya kukokotoa, ilichapishwa London mwaka 1843. Aliyeichapisha alikuwa mama wa watoto watatu ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, kwa kuwa vyuo vikuu vya Uingereza wakati huo havikupokea wanawake.

Hisabati kama kinga

Augusta Ada Byron alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake, Lord Byron, alikuwa mshairi aliyevuma kote Ulaya kwa tungo zake na kwa mwenendo wake. Mama yake, Anne Isabella Milbanke, alitoka katika ukoo wa kitajiri na alikuwa amefundishwa hisabati tangu ujanani. Ndoa yao haikudumu. Ada alikuwa na umri wa wiki chache tu pale mama alipoondoka naye kurudi kwa wazazi wake. Byron aliihama Uingereza mwezi wa Aprili 1816 na hakumwona tena binti yake. Alifia Ugiriki mwaka 1824, Ada akiwa na miaka minane.

Mama yake alihofia kwamba mtoto angerithi tabia ya baba, na aliamini kwamba hisabati ingemtuliza akili na kumkinga. Kwa sababu hiyo aliajiri walimu wa kumfundisha nyumbani masomo ambayo mabinti wengi wa zama zile hawakuyapata. Nia ya mama ilikuwa kumlinda mwanawe. Matokeo yake yakawa kumfungulia taaluma nzima.

Kinga hiyo haikuiua ndoto. Mwaka 1828, akiwa na miaka 12, Ada alichunguza mabawa ya ndege na kubuni mpango wa chombo cha kuruka angani. Mwaka uliofuata surua ilimdhoofisha kiasi cha kushindwa kutembea. Alilala kitandani kwa muda mrefu, kisha akatembea kwa magongo, lakini masomo yake yaliendelea.

Walimu watatu

Miongoni mwa waliomwongoza alikuwa Mary Somerville, mwanasayansi kutoka Scotland. Somerville mwenyewe alijifunza hisabati kwa kificho; alipokuwa msichana, wazazi wake waliamuru aondolewe mishumaa chumbani ili asikeshe akisoma. Baadaye alikifasiri na kukifafanua kwa Kiingereza kitabu kigumu cha Mfaransa Laplace kuhusu mwendo wa sayari. Kazi hiyo, iliyotoka mwaka 1831, ilitumika kufundishia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambacho hakikumruhusu mwanamke kuwa mwanafunzi. Kwa kumtazama Somerville, Ada aliona kwa macho yake kwamba jambo hilo liliwezekana.

Mwezi wa Juni 1833, Ada akiwa na miaka 17, alikutana na mwanahisabati Charles Babbage, aliyekuwa akijenga mashine ya kukokotoa majedwali ya hesabu kwa magurudumu ya shaba. Wageni wengi walikitazama kipande cha mashine hiyo kama kioja cha sebuleni. Ada alitaka kujua kilivyofanya kazi, akaomba kuonyeshwa michoro yake. Huo ulikuwa mwanzo wa urafiki uliodumu hadi kifo chake.

Mwaka 1835 aliolewa na William King, ambaye miaka mitatu baadaye alitunukiwa cheo kilichompa Ada jina la Countess wa Lovelace. Kati ya mwaka 1836 na 1839 alijifungua watoto watatu. Wengi wangedhani kwamba masomo yake yamekwisha hapo. Mwaka 1840 alimpata mwalimu wa tatu, Augustus De Morgan, profesa wa hisabati, aliyemfundisha zaidi kwa kuandikiana barua. Barua hizo zinamwonyesha mwanafunzi anayekwama kwenye hatua za msingi za aljebra, anayeuliza tena, na asiyekubali kuendelea mbele kabla hajaelewa.

De Morgan alikiri katika barua kwa mama yake Ada kwamba kijana wa kiume mwenye uwezo kama ule angetarajiwa kuwa mtafiti mkubwa wa hisabati. Katika barua hiyohiyo alieleza hofu kwamba juhudi ya akili ya kiwango hicho ingeushinda mwili wa mwanamke. Aliuona uwezo huo waziwazi, lakini dhana za zama zake zikamfanya autilie shaka.

Tafsiri iliyozaa programu

Wakati huo Babbage alikuwa ameanza kubuni mashine kubwa zaidi, Mtambo wa Uchanganuzi. Ungekuwa na sehemu mbili kuu, alizozipa majina ya viwandani: ghala la kuhifadhi namba na kinu cha kuzichakata. Maagizo yangetolewa kwa kadi zenye matundu, mbinu iliyotumika tayari katika mitambo ya Jacquard ya kufuma hariri yenye nakshi. Kompyuta za leo bado zina kumbukumbu na kichakataji, kwa mgawanyo uleule.

Mwaka 1840 Babbage aliueleza mtambo huo mbele ya wanasayansi mjini Turin. Mhandisi wa jeshi Luigi Menabrea, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika makala juu yake kwa Kifaransa, na ikachapishwa Geneva mwaka 1842. Ada aliifasiri kwa Kiingereza. Babbage alipomuuliza kwa nini hakuandika makala yake mwenyewe juu ya mtambo alioufahamu vizuri kiasi hicho, walikubaliana aongeze maelezo. Maelezo hayo yalikuwa saba, yenye alama za herufi kuanzia A hadi G, na yalifikia urefu wa karibu mara tatu ya makala yenyewe.

Katika maelezo ya mwisho, Ada alipanga katika jedwali hatua ambazo mtambo ungezifuata ili kukokotoa mfululizo wa namba unaojulikana kama namba za Bernoulli. Jedwali lilionyesha namba ipi itolewe wapi, ifanyiwe hesabu gani, jibu liwekwe wapi, na ni kundi gani la hatua lirudiwe. Wengi wanalihesabu kuwa programu ya kwanza ya kompyuta kuchapishwa.

Wanahistoria wamejadiliana kuhusu mchango wa kila mmoja. Babbage alikuwa na mifano yake ya awali ambayo hakuichapisha, na aliandika baadaye kwamba alimsaidia Ada katika aljebra ya hesabu hiyo; aliongeza kwamba ni Ada aliyegundua kosa kubwa alilokuwa amelifanya yeye. Fikra moja, hata hivyo, inahusishwa na Ada kuliko mtu mwingine yeyote wa wakati wake. Aliona kwamba mashine inayochakata namba ingeweza kuchakata chochote kinachoweza kuelezwa kwa alama na kanuni, hata sauti za muziki. Babbage aliitazama zaidi kama mashine ya hesabu. Ada aliona chombo cha matumizi mengi, na papo hapo akaweka mpaka wake: mashine haiwezi kubuni jambo lake yenyewe, hufanya lile tu tunalojua kuiagiza. Alan Turing aliijadili hoja hiyo mwaka 1950, na mjadala wa akili bandia wa siku hizi haujaimaliza.

Kazi hiyo ilitoka mwaka 1843 ikiwa na herufi A.A.L. tu mahali pa jina la mfasiri. Katika hatua za mwisho za uchapishaji, Babbage alitaka kuambatanisha humo lawama zake dhidi ya serikali bila kutia saini. Ada alikataa. Kisha akajitolea kusimamia mipango ya ujenzi wa mtambo, ili Babbage abaki na kazi ya ubunifu. Safari hii Babbage ndiye aliyekataa, na mtambo haukujengwa.

Kusahaulika na kukumbukwa

Miaka ya mwisho ya Ada ilikuwa migumu. Alicheza kamari ya mbio za farasi na kuingia katika madeni, kisha akashikwa na saratani ya mji wa mimba. Alifariki tarehe 27 Novemba 1852, katika umri uleule aliofia baba yake. Kwa matakwa yake alizikwa kando ya Byron katika kanisa la Hucknall, karibu na Nottingham.

Maelezo yake yalilala kwa takriban karne moja, hadi yalipochapishwa tena mwaka 1953 katika kitabu kuhusu kompyuta, ambazo wakati huo zilikuwa jambo jipya. Mwaka 1980 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliidhinisha lugha ya programu iitwayo Ada, na hati yake rasmi ikapewa namba 1815, mwaka wa kuzaliwa kwake.

Kusahauliwa huko hakukumpata yeye peke yake. Wanawake sita ndio waliopanga programu za ENIAC, kompyuta kubwa ya elektroniki ya Marekani. Ilipoonyeshwa kwa umma mwezi wa Februari 1946, wao hawakutambulishwa kwa wageni.

Mlango wa Makerere

Nchini Uganda mlango huo una historia yake. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 na ilipokea wanafunzi wa kike kwa mara ya kwanza mwaka 1945. Walikuwa sita. Mmoja wao, Sarah Nyendwoha wa Hoima, aliyejulikana baadaye kama Sarah Ntiro, alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha wanawake, na msichana huyo akalazimika kuchukua masomo mengine. Mwaka 1954 alihitimu Oxford, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi nyumbani kufundisha, alipinga kulipwa mshahara mdogo kuliko wanaume wenye sifa kama zake. Ntiro alifika mbali, lakini hesabu alizozitaka hakuzipata. Kukataa kwa mtu mmoja kulitosha.

Tangu hapo milango kadhaa imefunguliwa. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 katika udahili. Huko West Nile, Chuo Kikuu cha Muni, nje kidogo ya mji wa Arua, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2013, na teknolojia ya habari ni miongoni mwa masomo yake. Msichana wa Koboko au wa Oraba halazimiki tena kusafiri hadi Kampala ili kuisomea kompyuta.

Uamuzi mkubwa, hata hivyo, hufanywa mapema kuliko hapo. Baada ya Senior 4, mwanafunzi wa Uganda huchagua mchanganyiko wa masomo atakayoendelea nayo. Anayeiacha hisabati wakati huo hujipunguzia sana njia za kufikia shahada za kompyuta, na mara nyingi hatua hiyo huamuliwa na maneno ya mzazi, shangazi au mwalimu kuhusu masomo yanayomfaa msichana.

Ada Lovelace alikuwa na mama mwenye uwezo wa kuwaleta walimu nyumbani. Familia nyingi za mpakani, zikiwemo zile zilizovuka kutoka Sudan Kusini na Kongo kutafuta hifadhi, hazina uwezo huo. Kwa binti zao, mwalimu wa hisabati wa shule ya kata ndiye Somerville na De Morgan kwa pamoja. Akimwita msichana ubaoni, akimsubiri anapokwama na kumruhusu aulize tena, atakuwa amemfanyia yale waliyofanyiwa wachache tu katika London ya mwaka 1840.