Aliyeipa Mimea Majina

Kazi yangu ni kufundisha isimu, nayo isimu humlazimisha mtu kuuliza kila kitu kilipataje jina lake. Ndiyo maana maisha ya Carl Linnaeus wa Uswidi hunishughulisha, ijapokuwa yeye alikuwa bingwa wa mimea wala si wa lugha.

Alizaliwa mwaka 1707 kijijini Råshult, mwana wa kasisi. Jina lenyewe la ukoo lilitokana na mti: babake, alipohitaji jina la kujiandikishia chuoni, alilitunga kutokana na mti mkubwa uliomea katika ardhi ya jamaa zake. Mwana akasomea utabibu, akazuru nchi ya Wasami kaskazini mwaka 1732, na mwaka 1741 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Uppsala.

Kabla yake, mmea mmoja uliweza kubebeshwa jina la Kilatini lenye maneno mengi kama sentensi nzima. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1753, Linnaeus aliupa kila mmea maneno mawili tu. Mnazi ukawa Cocos nucifera, mwembe Mangifera indica, na mkwaju Tamarindus indica. Mbuyu nao, mwaka 1759, ukapewa jina la Mfaransa Michel Adanson aliyeuchunguza nchini Senegal. Waafrika waliokuwa na majina yao ya mti huo tangu jadi hawakuulizwa.

Mwaka 1758 alinunua shamba la Hammarby, karibu na Uppsala, na kuta za chumba chake cha kulala akazibandika picha za mimea. Moto ulipouteketeza mji huo mwaka 1766, aliingiwa na hofu juu ya mikusanyo yake, akajenga kijumba cha mawe juu ya kilima ili aihifadhi humo. Moto haukuifikia, lakini fedha iliifikia. Linnaeus alifariki mwaka 1778, mwanawe akamfuata mwaka 1783, na mwaka uliofuata mjane akaiuza mikusanyo hiyo kwa kijana Mwingereza, James Edward Smith. Hadi leo imo London. Serikali ya Uswidi iliinunua nyumba ya Hammarby mwaka 1879, na sasa ni makumbusho chini ya Chuo Kikuu cha Uppsala. Mgeni huziona kuta zenye picha. Mimea iliyokaushwa kwa mkono wa mwenye nyumba sharti aifuate ng'ambo ya bahari.

Simtukuzi kupita kiasi. Bwana huyu, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliwagawa pia wanadamu kwa mabara na rangi, na mwaka 1758 akatuandika sisi Waafrika kuwa walaghai, wavivu na wazembe. Mwenye mamlaka ya kutaja ana mamlaka ya kutusi, na tusi lililovaa joho la sayansi huishi miaka mingi.

Nasi je? Wazee wetu wa Kigiriama, Kikamba na Kimaasai wanajua majina ya miti na matumizi yake, wala hawajajengewa kijumba cha mawe. Ombi langu kwa walimu na wanafunzi ni dogo: likizo hii, keti na nyanyako ukiwa na daftari. Andika jina la mti, uandike na anavyoutumia. Uswidi walikawia takriban karne moja, wakabaki na nyumba bila mikusanyo. Sisi tukikawia, hatutabaki hata na hiyo nyumba.